Shotigani ya nusu otomatiki inapogoma: dalili, sababu na pa kukomea

Walinzi wa maghala ya korosho, wakulima wenye vibali na wafanyabiashara wanaomiliki shotigani za nusu otomatiki, zile zinazotoa ganda na kujipakia risasi inayofuata zenyewe, huku kwetu kusini mwa Tanzania, kuanzia Kilwa mpaka Mikindani, hulalamika kwa maneno yanayofanana: "Inapiga moja, halafu inagoma." Wengi wameshakata shauri kwamba bunduki imekufa, au waliuziwa mbovu. Ukiifungua, mara nyingi unakuta chuma kizima. Kinachoisumbua ni chumvi ya bahari iliyokula springi, mafuta yaliyomiminwa kupita kiasi, na risasi ambazo bunduki ile haikutengenezewa. Kwa hiyo utaratibu wa hapa ni ule ule kwa kila tatizo. Anza na risasi, nenda kwenye uchafu, kisha angalia namna bunduki ilivyofungwa. Kifaa kilichovunjika ushuku mwisho kabisa.

Kwanza iwe tupu

Elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamfikia mtu. Ukuta wa udongo na mlango wa mbao havizuii marisau, zile punje zinazotoka kwenye risasi, usivitegemee. Weka sefti. Vuta bolti (chuma kinachoziba nyuma ya mtutu) utoe risasi iliyo kwenye chemba (nafasi ya mtutu inamokaa risasi ya kupigwa), toa zote za magazini (bomba la akiba ya risasi), kisha vuta bolti tena, kwa sababu ukikoki huku magazini ina kitu, risasi nyingine hupanda. Tazama kwa macho, halafu ingiza kidole kwenye chemba na kwenye mdomo wa magazini. Risasi zote zitoke kwenye chumba unachofanyia kazi. Ukitaka kujaribu ulishaji nyumbani, tumia risasi bandia za mazoezi tu, zile zisizo na baruti wala fataki, kile kidoti cha kuwasha kilicho katikati ya kitako cha risasi.

Kuna mambo mawili yanayoua na kulemaza, nayo lazima uyajue kabla ya mengine yote. La kwanza: umebonyeza, haikulipuka. Usiifungue papo hapo. Acha mtutu ulipoelekea, hesabu sekunde 60, maana fataki huweza kuwaka kwa kuchelewa. Baada ya hapo ndipo utoe risasi hiyo, na usiirudishe tena kwenye bunduki. La pili: umebonyeza, ikatoa mlio hafifu, "puf", na teke (msukumo wa bunduki begani) dogo kuliko kawaida. Hapo simama. Usikoki. Huenda kizibo cha plastiki na marisau vimebaki ndani ya mtutu, na risasi ya pili ikipigwa nyuma yake mtutu unaweza kupasuka karibu na mkono unaoushikilia. Toa risasi, ondoa mtutu, uchungulie kuanzia upande wa chemba. Usipoona mwanga upande wa pili, kazi yako imeishia hapo. Mpelekee fundi silaha mwenye leseni.

Jua bunduki yako inaendeshwa na nini

Watu wawili wenye lalamiko moja wanaweza kuhitaji dawa tofauti, kwa sababu shotigani hizi hazifanyi kazi kwa namna moja.

Zilizo nyingi huendeshwa na gesi. Risasi inapolipuka, sehemu ya gesi hupenya kwenye vitundu vidogo chini ya mtutu, ikasukuma pistoni, nayo pistoni ikasukuma bolti nyuma. Remington 1100, iliyotoka mwaka 1963, ni ya aina hii. Aina ya pili hutumia teke lenyewe: bunduki nzima inaporudi nyuma, bolti nzito hubaki kidogo, springi fupi ndani yake inabanwa, kisha inaachia na kuirusha bolti nyuma. Benelli ya Italia, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1967, ndiyo iliyojulikana kwa mfumo huu. Aina ya tatu ni ya zamani, mtutu wote hurudi nyuma pamoja na bolti. Browning Auto-5 ni hiyo. Ilianza kutengenezwa Ubelgiji mwanzoni mwa karne iliyopita na zipo ambazo bado zinalinda mali za watu.

Ukivua mbao ya mbele ukakuta pistoni na masizi, ni ya gesi. Ukikuta bomba la magazini safi, halina pistoni wala springi, ni ya teke. Ukikuta springi kubwa imezunguka magazini pamoja na pete za kusuguana, na mtutu unarudi nyuma ukiusukuma, ni ya mtutu unaotembea. Kitabu chake, kama unacho, kitakuthibitishia.

"Imelipuka, ganda halikutoka" au ganda limebanwa mlangoni

Hili ndilo linaloletwa kuliko yote, na sababu ya kwanza ni risasi dhaifu kwa bunduki ile. Soma kasha. Risasi za geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) zenye gramu 24 au 28 za marisau ni nyepesi, na bunduki iliyotengenezwa kwa risasi nzito huenda isipate nguvu ya kurudisha bolti hadi mwisho. Jaribu, mahali panaporuhusiwa kisheria, risasi za gramu 32 au 36 zenye urefu unaokubalika kwenye bunduki yako. Zikifanya kazi bila kugoma, umepata jibu na hukuhitaji fundi. Bunduki mpya nazo huwa ngumu mwanzoni, risasi nzito kidogo huzilainisha.

Hapo kwenye urefu pana hatari. Ubavuni mwa mtutu pameandikwa milimita 70, au 76, au 89. Namba hiyo ni urefu wa ganda likishafunguka baada ya kupigwa. Risasi ya milimita 76 ambayo haijapigwa inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye chemba ya 70, ukadhani imekubali. Ikilipuka, mdomo wake hukosa nafasi ya kufunguka, shinikizo linapanda, na ganda linang'ang'ania. Kuingia kwake si ruhusa. Fuata kilichoandikwa kwenye chuma.

Sababu ya pili kwa bunduki za gesi ni masizi. Fungua kifuniko cha mbele, vua mbao na mtutu, toa pistoni. Kabla hujatoa chochote, piga picha kwa simu kila hatua, kwa maana pistoni na pete zikirudishwa kinyume bunduki itapiga moja na kusimama, na hilo ni kosa la kawaida sana baada ya usafi wa nyumbani. Utakachokikuta mara nyingi ni ute mweusi, mzito, wenye punje za mchanga: mafuta yaliyochanganyika na masizi na vumbi. Kwenye bunduki za Newala na Tandahimba ute huo huwa mwekundu kwa udongo wa kule juu. Sugua pistoni na bomba la magazini kwa brashi ya nailoni na mafuta ya taa kidogo, futa mpaka kitambaa kitoke kikavu. Vitundu vya gesi visafishe kwa kijiti laini au waya laini wa shaba. Usivipanue kwa keekee, hata fundi wa jirani akikwambia ndiyo dawa. Kitundu kikipanuliwa, bolti itarudi kwa kishindo kila risasi mpaka ipasue kiwiliwili cha bunduki, na chuma hakirudi kilivyokuwa.

Kama bunduki yako ina oringi (pete) ya mpira kwenye bomba la magazini, kama ile Remington 1100, ikague. Mpira uliopasuka, uliokauka au uliovimba hupitisha gesi pembeni. Ni kifaa cha bei ndogo, lakini kiwe cha bunduki hiyo. Oringi ya pampu ya maji haihimili moto ule. Petroli huuvimbisha mpira, kwa hiyo usioshee.

Kwa bunduki za teke, chunguza namna ilivyoshikwa. Mfumo huu unahitaji bunduki irudi nyuma bila kizuizi. Ukiegemeza kitako kwenye nguzo, au ukilaza bunduki juu ya gunia la mchanga ukaikandamiza, haipati mwendo. Walinzi wa zamu ya usiku hufunga tochi kubwa mbele ya mtutu, na uzito ule unaizuia isirudi inavyotakiwa. Vua tochi ujaribu tena kabla hujamlaumu aliyekuuzia.

Kwa Auto-5 na ndugu zake, pete za kusuguana hupangwa tofauti kwa risasi nyepesi na nzito. Zikiwa zimepangwa kwa nzito nawe ukapiga nyepesi, ganda halitoki. Zikiwa za nyepesi nawe ukapiga nzito, ganda litaruka mbali, lakini mbao inaweza kupasuka. Mpangilio uko kwenye kitabu cha bunduki, usibahatishe. Bomba lile lipakwe mafuta kidogo tu, kwa sababu mafuta mengi huua msuguano ambao ndio breki yake.

Ikishindikana bado, angalia chemba. Ganda linalotoka na mikwaruzo mirefu ubavuni linakuonyesha kutu ndani. Hapa pwani kutu ya chemba huja haraka baada ya mvua za Desemba hadi Aprili, hasa kwa bunduki inayolala ndani ya mfuko wa turubai. Sugua kwa brashi ya shaba ya geji 12 na mafuta, futa, rudia. Usitumie msasa. Kama bado kuna mashimo unayoyahisi kwa ncha ya kijiti, ni kazi ya fundi.

Mwisho tazama kucha inayovuta ganda, pembeni mwa uso wa bolti. Ibonyeze kwa kijiti: inapaswa kurudi kwa nguvu. Ikiwa legevu, mara nyingi uchafu umejaa chini yake. Ikiwa imemeguka ncha, inabadilishwa, haichongwi.

"Ganda linatoka, risasi inayofuata haiji"

Tenganisha mambo mawili. Je, risasi imebaki ndani ya magazini, au imetoka ikakaa juu ya kiinua risasi isipande?

Ikibaki ndani, kwanza shuku risasi yenyewe. Bunduki ya lindo hujazwa jioni na kumwagwa asubuhi, na risasi zile zile zinazunguka miezi na miezi. Ukingo wa chuma unapinda, plastiki inavimba kwa kubanwa na springi. Ziviringishe juu ya meza moja moja: iliyopinda utaiona ikiyumba. Zitenge, na zilizochoka zirudishwe kwa utaratibu wa kibali chako. Kisha safisha magazini. Springi yake hutoka kwa nguvu, zuia kifuniko kwa kiganja unapokifungua na uso uwe pembeni. Ikiwa na kutu, au imekuwa fupi kiasi cha kutosukuma risasi ya mwisho, ibadilishwe. Usiivute kwa mikono ili irefuke. Itarefuka leo na kulegea kesho. Bomba lililobonyea kwa kuangushwa nalo hukwamisha risasi, na usilinyooshe kwa nyundo.

Ikitoka isipande, mara nyingi bolti hairudi nyuma hadi mwisho. Hapo rudi kwenye dalili ya kwanza, kwa kuwa chanzo ni kile kile. Bolti ikirudi vizuri na kiinua risasi bado kinalala, pale kwenye kikundi cha triga (sehemu ya kifyatulio) pamejaa uchafu au springi ndogo imechoka. Kuvua kikundi cha triga kizima kwa kutoa pini zake, kukipuliza na kukifuta, mwenye bunduki anaweza kama kitabu chake kinaonyesha. Kukifungua ndani, hapana.

"Risasi imepanda, bolti haikufunga"

Usiibamize kwa kiganja huku kidole kikiwa karibu na triga. Toa risasi, uitazame. Kama ukingo wake umevimba, ni risasi. Kama risasi nyingine nzuri nayo inagoma mahali pale pale, ni uchafu wa chemba au kipande cha plastiki kilichobaki mbele.

Sababu inayofuata ni ya pwani hasa. Bunduki nyingi huweka springi ya kurudisha bolti ndani ya bomba kwenye kitako, mahali ambapo hakuna anayefika siku zote. Maji ya mvua na jasho la bega huteremka humo, springi inaota kutu, bolti inarudi mbele kivivu. Koki bunduki tupu, ushikilie mkono wa bolti, uurudishe polepole: ukisikia mikwaruzo au inasita katikati, umeipata. Kuitoa kunahitaji kuvua kitako na kuizuia springi yenye nguvu isikurukie usoni. Kama hujawahi kuonyeshwa, mpe fundi.

Bunduki za teke zina kasoro moja ndogo ambayo imewaponza wengi. Mwenye nayo anaiachia bolti taratibu, asitake kelele, au bunduki inagongwa garini na bolti inajifungua nusu. Kwa macho imefunga. Anabonyeza, inalia "ta", hakuna mlipuko. Bolti ya namna hii iachiwe yenyewe ipige mbele kwa nguvu ya springi, kisha isukumwe kwa kidole kuhakikisha imefika mwisho. Mtutu wakati huo uwe umeelekea mahali salama.

"Imelia 'ta', haikulipuka"

Subiri sekunde zako 60 kama ilivyoelezwa mwanzo. Kisha itazame fataki, kile kidoti katikati ya kitako cha risasi.

Ikiwa na alama ya kina kama ya risasi zilizolipuka, risasi ndiyo mbaya. Unyevu umeingia, au mafuta ya bunduki yamepenya kwenye fataki. Ukiona shaba imekuwa ya kijani au nyeusi, uliza zilikuwa zinakaa wapi. Nimekuta risasi zimewekwa stoo moja na mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho. Salfa huidhuru shaba, na pakiwa na unyevu huharibu chuma pia. Risasi zikae kwenye kasha kavu lenye kufuli, mbali na salfa na mbali na bati la paa linalochemka mchana.

Ikiwa na alama hafifu, bolti haikufunga sawasawa, au njia ya pini inayogonga fataki imejaa mafuta mazito. Ikiwa haina alama kabisa, huenda pini imevunjika. Mbili za mwanzo unaweza kuzishughulikia kwa usafi. Ya tatu ni ya fundi.

"Imetoa mbili kwa kubonyeza mara moja" au "imejilipua nilipoachia bolti"

Hapa hakuna la kujaribu. Toa risasi, funga bunduki kwenye kabati, isitumike tena. Sehemu zinazoshikana ndani ya triga zimelika, au pini imekwama ikiwa imechomoza kwa kutu na inagonga fataki bolti inapofunga. Asikudanganye mtu kwa tupa na jiwe la kunolea. Vivyo hivyo kwa sefti isiyoshika, mtutu wenye uvimbe au ufa, na bolti iliyopasuka.

Mafuta gani, kiasi gani

Naliandika hili kwa uchungu, kwa kuwa bunduki nyingi nzuri zimeharibiwa na mapenzi ya wenyewe. Mafuta ya nazi huganda na kunata. Mafuta ya injini ni mazito na hushika vumbi. Dizeli huacha utando. Yanayofaa ni mafuta ya bunduki. Yakikosekana madukani, mafuta meupe ya cherehani ni mepesi na hayanati, ila hayazuii kutu kwa muda mrefu, kwa hiyo uyarudie mara kwa mara. Tone moja kila upande wa bolti kwenye reli zake, kisha kitambaa chenye unyevunyevu wa mafuta kipite nje ya chuma chote. Pistoni ya gesi iache karibu kavu. Chemba na mtutu vifutwe vikauke kabla ya kupiga.

Anayekaa Mikindani au Lindi mjini aifute kila wiki hata kama hajaipiga. Aliyeko Nachingwea au Liwale ana nafuu ya chumvi, lakini vumbi la barabara linamdai usafi ule ule. Mfuko wa turubai au ngozi ni wa safari tu, ukifika, itoe.

Ukiipeleka kwa fundi

Fundi awe na leseni ya silaha. Anayechomelea magobore kijijini anakuingiza kwenye kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, mbali na hatari ya mtutu wenyewe. Uliza kituo cha polisi cha wilaya yako ni nani anayetambuliwa na utaratibu wa kuisafirisha ukoje, na kibali chako uwe nacho njiani. Kama unaitumia kwa mambo ya wanyamapori, muulize pia Afisa Wanyamapori kama aina hiyo ya silaha inaruhusiwa kwa kazi hiyo, kabla hujatoa fedha ya matengenezo.

Mpelekee fundi maganda yaliyokwama, kasha la risasi ulizotumia, na karatasi yenye majibu ya maswali haya: inagoma kwenye risasi ya kwanza au ya mwisho? Kwa risasi za aina zote au moja? Kwa kila mpigaji au mmoja? Ilianza baada ya kusafishwa, kuloa, au kuanguka? Usiipeleke bunduki ikiwa na risasi ndani. Bunduki iende tupu, bolti ikiwa wazi.